Kidani Alichopewa Mdogo Wangu

Mimi nina wivu. Nalisema mapema ili mtu asisome kurasa hizi akitafuta mwanamke mpole. Tulipokuwa wadogo Tanga, tukigawiwa muhogo wa kuchemsha, nilitazama kwanza kipande cha mdogo wangu, ndipo nikaona changu. Mama alikuwa akinisema mbele za wageni. "Huyu jicho lake halilali," alisema, na wageni wakacheka, nami nikacheka nao huku nikiendelea kukitazama kile kipande.

Basi nikisema kwamba kidani kimoja kilinikosesha raha tangu utotoni mpaka nimekuwa mtu mzima mwenye saluni yake Johannesburg, mjue sitii chumvi.

Kilikuwa sarafu ya fedha ya Wajerumani, pana, nzito, ya kujaza kiganja cha mtoto. Sonara mmoja wa zamani alikuwa ameichomelea kitanzi juu ili ipitishwe mkufu. Upande mmoja kulikuwa na ndege aliyetanua mabawa. Upande wa pili kulikuwa na kichwa cha mzee wa Kizungu mwenye ndevu za mashavuni, amegeuza uso pembeni kana kwamba hataki kutuona. Kumzunguka kulikuwa na maandishi ambayo hakuna aliyeyasoma nyumbani kwetu, na tarehe mbili ndogo. Tarehe moja ilitanguliwa na nyota, nyingine na msalaba.

Nyota na msalaba ndivyo vilivyotufurahisha. Mtaani kwetu walikaa Waislamu na Wakristo, na maelezo yaliyokubalika na wote yalikuwa kwamba Mjerumani alikuwa mwerevu: nyota aliiweka kwa ajili yetu Waislamu, msalaba kwa ajili ya Wakristo, ili fedha yake isikataliwe na mtu yeyote. Niliamini hivyo. Niliwaeleza hata wenzangu shuleni, na nilieleza kwa madaha, kwa sababu kidani kilikuwa cha nyumbani kwetu na si kwao.

Kilikuwa cha bibi, mama yake mama. Bibi alipofariki, mama akakivaa. Lakini hakikukaa shingoni mwake siku zote, na hapo ndipo roho yangu ilipokuwa ikiniuma. Kilikuwa kinaondoka. Ungeamka siku moja ukakuta shingo ya mama iko tupu, na baadaye ukamwona shangazi amekivaa, amekaa nacho miezi, amejiinamia chumbani kwake kama bi harusi. Kisha kinarudi. Mara nyingine kilikwenda kwa jirani, mama mmoja Mkristo aliyekuwa akiuza maandazi, ambaye hata si ndugu yetu. Nilikwenda kununua maandazi nikakiona kinaning'inia juu ya beseni la unga, na hasira zangu zikanifanya nisahau kudai chenji.

"Kwa nini yeye?" nilimuuliza mama.

"Atakirudisha," alijibu.

Nikahitimisha mwenyewe, kama watoto wanavyohitimisha, kwamba mama anakitoa kwa wale awapendao, kwa zamu. Nami ni kifungua mimba wake. Zamu yangu haina budi kufika.

Niliolewa, haikufika. Niliachwa, kwa sababu sikuzaa na mume wangu hakuwa mtu wa kungoja. Nikarudi nyumbani na begi moja na godoro. Siku ile nilikuwa na hakika. Mama alinipikia, alinikumbatia, alimtukana mtalaka wangu na ukoo wake mpaka nikajisikia nafuu. Kidani kikabaki shingoni mwake, na kila aliponiinamia kunipa chakula kilikuwa kinanigonga kidevuni.

Kisha nikaja Afrika Kusini. Nilitangulia mimi, na hilo nataka lijulikane. Mimi ndiye niliyelala chumba cha kupanga Jeppestown, chenye ukuta wa mbao uliokitenganisha na karakana ya kuchomelea mageti. Mimi ndiye niliyejifunza kusuka mitindo ya huku, nikapata kiti kimoja katika saluni ya watu, halafu nikafungua ya kwangu kwa kushirikiana na mwanamke Mkongomani kutoka Bukavu, mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ndipo mdogo wangu akaja. Tulilala kitanda kimoja. Nilimfundisha kusuka, nikamwonyesha duka gani la jumla katikati ya jiji lina nywele nzuri, na kona ipi asipite akiwa na simu mkononi.

Baada ya muda akapata mume. Mtu wa Dar es Salaam, anauza vifaa vya simu, mtaratibu, anaswali, hana kelele. Wakahamia Bertrams, karibu na uwanja mkubwa wa mpira, katika nyumba ndogo yenye ua na jiko la umeme lenye oveni. Nilimwonea wivu ule ua. Nilimwonea wivu mume. Lakini nikisema kweli, kilichonichoma zaidi ni oveni. Kila nilipokwenda kumtembelea alikuwa ametoa kitu kinachonukia, na mimi nyumbani nilikuwa na jiko la sahani moja ambalo jirani akiwasha pasi linazimika.

Mwaka ule ninaotaka kuusimulia, baridi ilikuwa kali. Watu wa nyumbani hawanielewi nikiwaambia kwamba Johannesburg wakati wa baridi ndani ni kubaya kuliko nje. Nyumba hazina moto. Kila mtu anakuwa mzigo wa nguo: sweta juu ya sweta, jaketi juu yake, na akikaa anajifunika blanketi. Mdogo wangu akaacha kuja saluni. Akasema kazi zimembana. Nilipokwenda mimi, alinipokea akiwa amekaa kwenye kochi, amevaa jaketi la mumewe, blanketi mpaka kifuani. Hakuinuka kunisalimia. "Shikamoo, dada," alisema kutoka palepale, na mumewe ndiye aliyeleta chai.

"Umenenepa," nilimwambia. "Ndoa imekukubali."

Alivuta blanketi juu kidogo akacheka. Nilirudi Jeppestown nikinung'unika kwamba mtu amepata oveni, sasa hata kunyanyuka kumpokea dada yake hawezi.

Baridi ilipoanza kulegea, mama mmoja mfanyabiashara, anayesafiri kwa basi kati ya Dar na huku akileta vitenge na dagaa, alipita saluni na mzigo kutoka kwa mama yetu. Kilikuwa kifurushi kidogo cha kipande cha kanga, kimeshonwa pande zote kwa uzi. Kabla hata hajaketi, simu yangu ikalia. Ni mama.

"Umekipata?"

"Nimekipata, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Usikifungue. Mpelekee mdogo wako leo hii, usingoje kesho."

Sauti yake ilikuwa kavu, na hakuuliza habari zangu. Nilikishika kile kifurushi. Nilipitisha kidole gumba juu ya kanga, nikakuta duara, na juu ya duara kitanzi. Sikuhitaji kufungua.

Mwenzangu Mkongomani alikuwa anamsuka mteja. Alinitazama kwenye kioo. "Dada, kuko nini? Sura yako imebadilika."

Nikamweleza. Nilimweleza kwa sauti ya juu, mteja naye akasikia. Kwamba mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyetangulia huku, mimi ndiye ninayempigia mama kila Ijumaa, na leo natumwa kama tarishi kupeleka kidani changu kwa mtu mwingine.

"Eish, ile kidani inakukamata sana," alisema. "Iko feza tu, hapana? Utanunua ingine."

"Hakuna kingine."

"Basi peleka, roho ipoe. Weye uko na wivu mingi, dada. Mi nakuambiaka kila siku."

Nikapeleka. Nilikwenda kwa miguu, kifurushi nimekitia ndani ya sidiria, na njia nzima kilikuwa kinanifinya. Bertrams nikamkuta mdogo wangu amelala kwenye godoro sebuleni, uso umevimba, midomo imepauka. Wanawake wawili wa Kitanzania, majirani zake, walikuwa wameketi kimya kwenye mkeka. Niliwasalimia. Wakaitikia, kisha wakatazamana.

"Nilikuwa naumwa," alisema mdogo wangu. "Sasa sijambo."

Nilimwangalia kidogo tu. Macho yangu yalikuwa kwa wale wanawake. Nilijua kwa nini wamekuja: wamesikia habari za kidani, wamekuja kukiona kinavyofunguliwa. Nikawaona wambea wakubwa.

Alikata uzi kwa meno. Akatoa kidani, akakiweka kwenye kiganja, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Akakibana kifuani kwa mikono miwili. Nikafikiri, angalia anavyofurahi. Hata furaha yake ilinikera, maana mimi nisingelia, mimi ningesimama wima kukipokea. Lakini nimelelewa, ninajua la kusema.

"Hongera," nikamwambia.

Mmoja wa wale wanawake aliinama akaanza kung'oa uzi kwenye pindo la mkeka. Nikaaga nikaondoka, nikiwa nimeridhika angalau kwamba nimefanya uungwana.

Miezi ikapita. Mdogo wangu alikuwa amekonda, lakini alikivaa kile kidani kila siku, juu ya nguo yoyote, hata akienda sokoni. Nikawa siwezi kumtazama usoni. Nikizungumza naye nilikuwa nazungumza na yule mzee wa ndevu. Halafu siku moja akanipigia simu akisema kitanzi kimeachia, na kwa kuwa mimi niko karibu na jiji, je, ningemtafutia fundi?

Ningekataaje? Nilikwenda kukichukua jioni ileile.

Kesho yake nilifunga uzi mweusi pale kitanzi kilipoachia, nikakivaa kazini. Kutwa nzima. Wateja walikisifu, nami nilisema, "Cha bibi yangu hiki," jambo ambalo ni kweli kabisa. Mwenzangu alinitazama mara moja, akatikisa kichwa, akaendelea na kazi yake. Nilikuwa najiinamia kila mara juu ya wateja ili kining'inie mbele ya kioo, na niliona kwamba kimenipendeza kuliko kinavyompendeza yeye. Shingo yangu ni ndefu.

Siku iliyofuata nikakipeleka kwa fundi, katika jengo la zamani katikati ya jiji, ghorofani, mlango wa nondo, unabonyeza kengele ndipo unafunguliwa. Alikuwa mzee wa Kizungu mwembamba, ananunua dhahabu, anachomelea mikufu, na anauza sarafu kuukuu. Alikiweka kidani chini ya taa, akabana lenzi kwenye jicho moja, akakigeuza huku na huku.

"Nani alikichomelea kitanzi hiki?" aliuliza. Tulizungumza Kiingereza.

"Sonara wa kwetu. Zamani sana."

"Aliiharibu. Bila kitanzi ningekutafutia mnunuzi leo."

"Hakiuzwi."

"Vizuri, maana sikinunui," alisema, nami nikaanza kumpenda kidogo. "Unajua ni nini?"

Nikamweleza habari ya nyota na msalaba, ya Mjerumani mwerevu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, kisha akaniita upande wake wa meza nitazame kupitia lenzi. Tarehe zile mbili, alisema, si za biashara wala dini mbili. Wajerumani huweka nyota mbele ya siku mtu aliyozaliwa na msalaba mbele ya siku aliyokufa. Mzee yule alikuwa mmoja wa wafalme wao. Zamani juu alikuwa Kaiza, na chini yake wafalme na watawala wa majimbo, kila mmoja na sura yake kwenye fedha ya jimbo lake. Huyu alipokufa, walipiga sarafu maalumu ya kumlilia.

"Ni sarafu ya msiba," alisema. "Wana desturi hiyo tangu mamia ya miaka."

Akafungua droo, akanionyesha nyingine za kale zaidi, zimelazwa kwenye kitambaa cha buluu. Moja ilikuwa na fuvu la kichwa. Nyingine ilikuwa na mti uliokatwa, na pembeni ya kisiki chipukizi dogo, kuonyesha kwamba mtawala amekufa lakini mwanawe yupo. Wakati mwingine, alisema, sarafu hizo ziligawiwa kwa waliokuja kuzika. Mtu anakwenda mazikoni anarudi na fedha ya marehemu mfukoni.

Nikamwonea wivu hata yule mfalme. Amekufa kabla bibi yangu hajazaliwa, hakuwahi kujua kama Tanga ina watu, na mpaka leo wanawake wa nyumbani kwetu wanamvaa kifuani na kugombania zamu. Mimi nikifa sijui kama mwenye chumba atanisubiri mwezi uishe.

Kisha ikaja furaha. Ningependa kuandika kwamba niliogopa, kwamba nilimhurumia mdogo wangu aliyevaa kifo bila kujua. Hapana. Nilifurahi. Mzee alichomelea kitanzi, akakisugua kidani mpaka kikang'aa, na mimi nikashuka ngazi nikipanga maneno. Kidani kile ambacho amekuwa akikitembeza Bertrams nzima ni kitu cha matanga. Nilitaka niwepo nione uso wake ukibadilika. Nilitaka akivue mwenyewe, kwa mkono wake, aseme, dada, chukua, sikitaki.

Jumapili mchana nikaenda. Mumewe alikuwa kazini. Mdogo wangu alikuwa anaoka mkate wa mofa kwenye ile oveni, unga mpaka kwenye viwiko. Nikampa kidani kikiwa ndani ya karatasi laini. Alikifungua akatabasamu.

"Ahsante, dada. Kimekuwa kipya."

"Unajua umekuwa ukivaa nini?" nilisema. Nililainisha sauti, na ninajua inavyotisha nikiilainisha. "Hiyo si nyota ya Waislamu wala msalaba wa Wakristo. Nyota ni kuzaliwa, msalaba ni kufa. Ni sarafu iliyopigwa kwa msiba wa mfalme. Mama amekutumia fedha ya matanga, na wewe unaivaa kama ya harusi."

Uso wake haukubadilika. Aligeuka, akatazama mkate, akafunga mlango wa oveni taratibu.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ni ya msiba. Habari za mfalme sizijui. Lakini mama aliniambia hicho ni cha mtu aliyefiwa. Bibi ndiye aliyemwambia, na bibi aliambiwa na mama yake."

Akanisimulia akiwa amesimama, anafuta mikono kwa taulo. Mama yake bibi alikuwa akifua nguo katika nyumba ya Mjerumani mmoja mwenye shamba la mkonge. Huyo mama yake bibi akafiwa na mtoto. Mke wa yule Mjerumani, ambaye siku hizo alikuwa amevaa nyeusi kwa msiba wa kwao, alimpa sarafu ile akamwonyesha kwa vidole: hii ni ya kulilia. Nilitaka kusema kwamba angempa siku za kupumzika ingekuwa bora zaidi. Mama yake bibi aliivaa mpaka moyo ulipotulia. Halafu jirani yake akafiwa, akampa. Na tangu hapo ikawa desturi ya nyumba yetu: anayefiwa anavaa, akipata nguvu anairudisha.

"Shangazi alikivaa lini?" mdogo wangu aliuliza.

Nikakumbuka. Shangazi amejiinamia chumbani, hatoki, hajipaki wanja. Alikuwa kwenye eda. Nilijua kwamba alikuwa kwenye eda, nilikula wali wa arobaini ya mumewe. Na mama wa maandazi alikuwa amefunga biashara yake siku nyingi kabla ya siku ile niliyomkuta na beseni la unga, kwa sababu mwanawe wa mwisho alikuwa amekufa kwa homa. Nalo nililijua. Misiba yote ile nilihudhuria, na kila mara nilikuwa natazama shingo.

Mama mwenyewe alikivaa miaka na miaka. Baba alipotutoka nilikuwa mdogo mno kukumbuka.

"Na wewe?" nilimuuliza. "Wewe ulifiwa na nani?"

Alinitazama, kisha akavuta kigoda akakaa.

"Alikuwa wa kike," alisema. "Mimba ilikuwa imekaribia kufika. Alizaliwa kimya. Mume wangu na wenzake wa msikitini wakamzika."

Nikaliona jaketi la mumewe. Nikaliona blanketi, na mkono wake unaolivuta juu. Tanga usingeweza kuificha mimba mpaka pale, kwa joto lile na kanga zile. Huku baridi ilimsaidia. Nikawaona wale wanawake wawili kwenye mkeka, ambao hawakuwa wamekuja kuona kidani. Walikuwa wamekuja kukaa matanga.

"Kwa nini mlinificha?"

Alianza kukunja taulo.

"Niambie."

"Mama alisema tusikuambie mpaka mtoto atoke salama. Si wewe tu, dada, mwanzoni hatukumwambia mtu. Lakini wewe hasa." Akavuta pumzi. "Alisema wewe hujajaliwa, na jicho lako tunalijua."

Sijui kama nimewahi kukasirika namna ile. Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu. Mimi niliyemlaza kitanda changu! Mimi niliyemshika mkono kuvuka kwenye robot, zile taa za barabarani, wakati magari ya huku yalipokuwa yanamtisha! Wageni wawili wa mtaani wameambiwa, na mimi nimefanywa mchawi. Nikasema neno ambalo lilikuwa tayari mdomoni.

"Basi mlimficha kwangu, na amekufa vilevile."

Nilingoja alie. Hakulia.

"Ndiyo," alisema. "Kwa hiyo hukuwa wewe."

Nikabaki nimesimama.

"Nimelifikiria hilo kila siku," akaendelea. "Ungejua, halafu akafa, ningesema ni wewe. Mama angesema ni wewe. Tusingezungumza tena mpaka kiama. Lakini hukujua. Hukumtazama hata mara moja. Kwa hiyo hukuwa wewe, dada, na mama nimemwambia hivyohivyo."

Niliinua kiti nikakaa. Mkate ulikuwa unanukia.

"Siku ile nilikuambia hongera."

"Ulisema."

"Mbona hukunifukuza?"

"Karibu nicheke," alisema. "Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile. Ulisimama pale mlangoni umenuna, umevimba kama mtu aliyeibiwa, unaniambia hongera."

Tulicheka wote, kisha nikalia mimi. Nililia kwa sauti mpaka akaja kunishika. Na hata pale, nikiwa nimeshikwa, wivu haukunitoka. Niliwaonea wivu wale wanawake wa kwenye mkeka. Nilimwonea wivu mama, aliyelia naye kwenye simu. Walikuwa na mtoto wa kike, wakamngojea, wakamzika, na mimi sikuwa na hata siku moja ya kumngojea.

Alikichukua kidani juu ya meza. Nilidhani anataka kukivaa. Akazunguka nyuma yangu, akainua ushungi wangu, akanifunga mkufu.

"Na wewe umefiwa," alisema. "Ila hukuambiwa. Kaa nacho mpaka utulie, halafu tutakirudisha kwa mama."

Kilikuwa baridi, na kizito kuliko siku ile niliyojivalia mwenyewe.

Nimekivaa kazini wiki hizi zote. Mwenzangu Mkongomani alipokiona asubuhi ya kwanza alianza kunitania, "Eish, dada, umemnyang'anya sasa!" Nikamweleza. Akaacha kitana chake, akaja akanikumbatia mbele ya wateja, na tangu hapo hajanitania tena habari ya wivu, jambo ambalo limenifanya nione kama nimepoteza kitu.

Jana nilimsuka msichana mmoja wa Dar, mchangamfu, amefika juzijuzi. Alikuwa ananitazama kwenye kioo, mimi nikiwa nimemwinamia, kidani kinaning'inia karibu na shavu lake.

"Dada, hicho kidani nimekitamani," alisema. "Nitapata wapi kama hicho?"

"Mungu akuepushie," nikamwambia, nikamgeuza kichwa, nikaendelea kusuka.